Mtumishi unayetaka kupanda kupitia Ajira Portal: unachujwa kabla hujashika hata mausi

Mara ya kwanza naomba nafasi kupitia Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, sikuitwa hata kwenye mtihani. Nilikuwa nimesoma wiki mbili mfululizo, madaftari mawili yamejaa, nimekariri mpaka ibara ya 145 na 146 za Katiba zinazohusu serikali za mitaa, alafu pidiefu ya walioitwa kwenye usaili ikatoka mchana mmoja nikiwa stendi ya Moshi, nikaifungua kwenye simu huku konda wa Kiborloni ananivuta mkono dada twende twende, nikashuka kurasa nikapanda kurasa, jina hakuna. Nikasema labda wamenisahau. Wapi! Nilipoingia kwenye akaunti yangu, sehemu ya maombi niliyotuma, sababu ilikuwa imeandikwa pale kistaarabu kabisa: barua haikupitishwa kwa mwajiri.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa mtumishi mwenzangu ambaye yuko ndani tayari, una cheki namba yako (namba ya mtumishi kwenye mshahara), umejisomesha jioni na wikiendi ukapata diploma au digrii, sasa unataka usibaki palepale. Wengi mnanifuata mnauliza maswali ya mtihani yakoje. Mtihani ni wa baadaye huko. Wenzenu wanaanguka kwenye makaratasi, na makaratasi yanataka miezi, sio wiki.

Kwanza ujue unaomba kitu gani

Kuna kupanda daraja ndani ya kada yako, mfano Afisa Utumishi daraja la II kwenda daraja la I. Hiyo huombi Ajira Portal na haina mtihani wa kompyuta. Inategemea muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako, miaka uliyokaa kwenye cheo, utendaji wako, na kama mwajiri amekuweka kwenye ikama (idadi ya watumishi anaoruhusiwa kuwa nao) na bajeti. Utendaji siku hizi unaonekana PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS ya zamani, unaingia kupitia ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia. Ukiacha kujaza kazi zako mle na msimamizi wako naye asithibitishe, usije ukashangaa wenzako wanapewa barua wewe unaangalia. Nimeona mtu mchapakazi kweli, saa moja na nusu asubuhi yuko mezani, ila kwenye mfumo ni mweupe kama karatasi. Mfumo haujui uliwahi kufika mapema. Jiwekee siku moja kwenye wiki, mimi ni Ijumaa baada ya chai, unajaza ulichofanya, na ukimaliza unamfuata bosi unamwambia kwa adabu, mkuu nimekutumia naomba uniangalizie.

Cha pili ni kuhamia kada nyingine au kuomba nafasi ya juu kwenye taasisi nyingine iliyotangazwa. Hapo ndo Ajira Portal inapoingia, na ndo habari yenyewe ya leo. Mimi nilikuwa msaidizi wa kumbukumbu, ngazi ya mshahara TGS C, nikapata digrii, nikataka uafisa ambao unaanzia TGS D.

Alafu kuna kitu cha tatu ambacho watu wanakifanya na hakiruhusiwi. Wewe ni Afisa fulani daraja la II halmashauri moja wapo hapa Kilimanjaro, unaona tangazo la Afisa huyohuyo daraja la II mahali pengine labda Arusha jiji, unaomba kwa sababu umechoka na mazingira. Soma chini ya tangazo, wameandika kila siku kwamba walioko tayari kwenye nafasi za kuingilia katika utumishi wa umma wasiombe, wazingatie Waraka Na. CAC.45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Unachotaka wewe ni uhamisho, na uhamisho unaombwa ESS. Usipoteze bando.

Habari njema kidogo, ule ukomo wa miaka 45 unaowatisha watu mtaani, matangazo yanasema hauwahusu walioko kazini serikalini. Kuna dada mmoja pale Pasua alikuwa amekata tamaa kabisa ana 47, nikamsomea hilo sharti kwenye simu yake mwenyewe, akakaa chini.

Barua, barua, barua

Tangazo linasema mtumishi aliyepata sifa za kuingia kada tofauti na aliyonayo apitishe barua yake kwa mwajiri. Mstari mmoja tu. Ila huo mstari mmoja ulinila mwaka.

Tangazo likitoka mara nyingi unakuwa na siku kama 14 hivi. Mimi siku ya kwanza nikaandika barua, siku ya pili nikaipeleka masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, na cheki hapa maajabu, masijala ni ofisini kwangu! Mimi ndo nagonga mhuri wa imepokelewa. Nikagonga, nikaandika kwenye rejista, nikaipeleka ikapachikwe kwenye jalada langu, na jalada lako binafsi hushiki mwenyewe, yanakaa chumba kingine na mtu mwingine. Jalada likapanda kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara yuko semina Dodoma. Akarudi siku ya tisa. Akaandika dokezo kwenda utumishi. Utumishi wakaandika kwenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi yuko kwenye ziara ya kukagua madarasa. Siku ya 14 saa nne usiku nimekaa sebuleni na laptopu ya kuazima, nikaaplodi barua isiyo na sahihi ya mtu yeyote zaidi ya mimi. Jalada lilirudi na idhini siku 6 baadaye. Wala siwalaumu, kila mtu alifanya kazi yake, mimi ndo nilisubiri tangazo litoke.

Mara ya pili nilifanya hivi na wewe fanya hivi. Miezi mitatu kabla, hujui hata kama tangazo litatoka, andika barua kwa mwajiri ya kumtaarifu kwamba umehitimu, ambatisha cheti, omba kiingizwe kwenye kumbukumbu zako. Hii inafanya jina lako lisiwe geni na digrii yako isiwe ngeni. Kama ulisoma bila ruhusa ya mwajiri hapa ndo utajua, na ni bora ujue mapema. Alafu ongea na afisa utumishi ana kwa ana, sio kwa meseji. Muulize tu, mzee, nafasi ikitangazwa utaratibu wa hapa wa kupitisha barua ukoje, nani anakaimu mkurugenzi akisafiri. Hilo swali la nani anakaimu ndo lililoniokoa.

Barua yenyewe fupi, ukurasa mmoja, inakaa hivi (K.K. ni kupitia kwa):

Katibu,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
S.L.P. 2320,
DODOMA.

K.K. Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya …

K.K. Mkuu wa Idara ya …

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA …

Jina la nafasi linakiliwe kama lilivyo kwenye tangazo, daraja na kila kitu, usilifupishe. Aya ya kwanza taja cheo chako cha sasa, ulipoajiriwa na tarehe uliyothibitishwa. Ya pili sifa ulizopata. Usianze kusifia kilimo cha kahawa cha babu. Weka sahihi yako kwa peni, kila aliyepo kwenye K.K. asaini na mhuri usomeke. Mhuri uliofifia ni sawa na hakuna mhuri, rudi omba wagonge tena, watakununia dakika mbili yataisha.

Majina

Hapa wanawake tunaumia zaidi. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha fomu foo kina mawili na herufi moja katikati, NIDA nimejiandikisha baada ya ndoa nikaweka jina la mume, chuoni nikasajiliwa kwa jina la zamani. Mtu mmoja huyohuyo, mimi, ila kwa anayechuja aliyeko Dodoma ambaye hanijui ni kama wanawake watatu wanagombea kazi moja.

Toa vyeti vyote, vitandike kitandani kwa mstari, anza na cha kuzaliwa mpaka kitambulisho cha NIDA, soma herufi kwa herufi. Mimi nilikuta kwenye kimoja wameandika Elieneza kwenye kingine Eliheneza. Herufi moja! Majina yakitofautiana wanataka hati ya kisheria ya majina iliyosajiliwa, ile wengi tunaiita didipoli, unaandaliwa na wakili alafu inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mahakamani peke yake watu wengine wanapita nacho na wengine wanarudishwa mlangoni siku ya usaili, kwa hiyo mimi sikupendekezei kubahatisha. Na usichukue wakili wa kwanza unayemkuta. Pale karibu na mnara wa saa Moshi nilitajiwa bei moja, nikavuka barabara tu nikatajiwa nusu yake, na wote wana mhuri uleule.

Wakati uko kwa wakili, peleka na nakala za vyeti vyako vyote vikagongwe muhuri wa nakala halisi, umalize safari moja. Ila hakikisha ni vyeti. Matangazo yanarudia kila siku kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita haikubaliki, testimonio haikubaliki, matokeo ya muda hayakubaliki. Kama chuo hakijakupa cheti bado unayo transkripti tu, fuatilia cheti. Kama umesoma nje ya nchi, hata hapo Nairobi, digrii ipite TCU (tume ya vyuo vikuu) ihakikiwe, diploma NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na sekondari NECTA (baraza la mitihani).

Kujaza potali

Hii sitaikalia sana kwa sababu ukishakuwa na makaratasi ni kazi ya jioni moja. Unaingia portal.ajira.go.tz, unaandika namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20, unajaza taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, uzoefu, kompyuta, wadhamini watatu, viambatisho. Wadhamini wapigie kabla, unakuta umeweka namba ya mtu alishabadilisha laini miaka miwili.

Mambo mawili tu. Moja, makazi ya sasa. Usaili wa mchujo siku hizi kwa kada nyingi unafanyika kwenye kompyuta kwenye vituo vya mikoani, sio lazima wote tukimbilie Dodoma kama zamani tunalala gesti za ajabu. Ila wanakupanga kwa mkoa ulioandika. Jamaa yangu wa Sakina alijaza Mwanza enzi zile akiwa chuo, hakubadilisha, akapangiwa Mwanza, nauli yake mwenyewe, malazi yake mwenyewe, maana wanasema wazi kila msailiwa anajigharamia.

Mbili, kuskani. Usipige picha na simu juu ya godoro. Nenda steshenari, mwambie mangi akuskanie pidiefu, kila cheti faili lake, na kabla hujalipa fungua kila faili ulione kwenye skrini yake. Mimi kijana aliniskania transkripti upande wa nyuma, ule wenye maelezo ya madaraja ya ufaulu, upande wenye alama zangu haupo. Nisingefungua ningetuma hivyo hivyo. Na futa mafaili yako kwenye kompyuta yake ukimaliza, na usimwachie paswedi eti atakumalizia kesho umeme ukirudi.

Tuma kabla ya siku ya mwisho. Siku ya mwisho mfumo unazunguka tu kama feni mbovu.

Uchujaji unavyokuangalia

Anayechuja hakujui, ana tangazo mkono mmoja na maombi yako mkono wa pili. Tangazo limesema shahada katika fani moja kati ya hizi, anatafuta neno hilo kwenye cheti chako. Kwa hiyo kabla ya kuomba chukua cheti, soma jina la shahada yako lilivyochapwa, lilinganishe na orodha. Lisipokuwemo, sio suala la kuandika barua nzuri. Kwa nafasi za juu wanaotaka uzoefu wa miaka kadhaa, ambatisha barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, na kila barua ya kupandishwa, maana hizo ndo zinazoonyesha miaka, CV unaweza ukajiandikia chochote.

Na ukikosa ingia kwenye akaunti usome sababu. Watu wanalia kwenye magrupu ya watsapu kwamba kuna kujuana, ukimwuliza umesoma sababu, hajafungua.

Mtihani wenyewe

Ukiitwa, kitu cha kwanza nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti, hutapewa pale mlangoni. Beba kitambulisho. Mimi naandika namba kwenye karatasi na kiganjani, maana simu huingii nayo.

Maswali yangu yalikuwa ya kuchagua, saa inahesabu kushuka pembeni ya skrini, na hiyo saa ndo adui. Nilipofika mara ya kwanza kwenye chumba cha kompyuta nilikuta mausi inaruka ruka, nikapoteza dakika nzima nimejisemea tu labda nimevunja. Inua mkono mwambie msimamizi. Kama wewe ni mtu wa simu tu, wiki mbili kabla nenda intaneti kafe ukae saa moja kila siku ubofye bofye tu.

Soma majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo, kila jukumu ligeuze kuwa swali. Kwa kada za utawala soma Sheria ya Utumishi wa Umma Sura 298, Kanuni zake za 2022, Kanuni za Kudumu za 2009, sheria za serikali za mitaa Sura 287 na 288, na kama ni kumbukumbu kama mimi, Sheria Na. 3 ya 2002. Usisome kama hadithi. Soma ujue nani ana mamlaka gani, siku ngapi, rufaa inaenda wapi.

Alafu hesabu na mantiki. Nilijitungia mwenyewe maswali nyumbani kama haya: kosta limetoka Moshi saa 2:15 asubuhi kwenda Arusha, kilometa 80, mwendo kilometa 60 kwa saa, likasimama Usa River dakika 10, limefika saa ngapi? Kilometa 80 kwa 60 ni saa moja na dakika 20, ongeza 10, ni saa 3:45. (Kosta gani husimama Usa River dakika 10 tu sijui.) Sasa swali likija kwa Kiingereza litakuwa 8:15 na jibu 9:45, na kwenye machaguo watakuwekea 9:35 kwa ajili ya wewe uliyesahau kusimama, na 3:45 kwa ajili ya kichwa chako kinachohesabu saa kwa Kiswahili. Au hili: gunia la mahindi limepanda bei kwa asilimia 25 likafika 100,000, zamani lilikuwa bei gani? Kichwa kinakimbilia 75,000. Ni 80,000, kwa sababu robo ni ya ile bei ya zamani, 80,000 ukiongeza robo yake 20,000 unapata laki.

Tuseme una maswali 50 kwa dakika 60, hiyo ni sekunde 72 kila swali. Nyumbani weka simu ikuhesabie. Swali likikukatalia kwa sekunde 72 lichagulie jibu lolote kwa muda, endelea, ukipata nafasi rudi. Mimi mtihani wangu wa kwanza nilimng'ang'ania x mmoja mpaka maswali 9 ya mwisho yakafungwa sijayaona, na nikaja kugundua yalikuwa ya masijala, vitu ninavyofanya kila siku.

Ukipita mchujo kuna kada zina usaili wa vitendo, alafu mahojiano. Mahojiano nenda na vyeti halisi vyote na ile hati ya majina. Vaa sweta ikiwa ni Julai, meno yakigongana kwa baridi wanadhani unaogopa.

Wale wanaopiga simu

Majina yakishatoka tu kuna mtu atakupigia, anajua jina lako kamili na kada uliyoomba kwa sababu pidiefu iko wazi kwa wote, anakuambia yuko Dodoma utumishi, tuma laki mbili akuweke kwenye kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Kuomba ni bure, usaili ni bure. Mimi wangu nilimwambia anitajie namba yangu ya usaili, akakata.

Ukipata

Barua ya kupangiwa kituo ikija, USIANDIKE barua ya kuacha kazi. Nimesema kwa herufi kubwa kwa sababu kuna mwenzetu alifanya hivyo kwa furaha, akagawa na keki ofisini. Wewe ni mtumishi unayehama kada, sio mtu mpya. Peleka barua kwa mwajiri wako, omba kwa maandishi akuachie, hakikisha cheki namba inabaki ileile na michango yako ya pensheni PSSSF haikatiki, na taarifa zako kwenye mfumo zinahamishiwa kituo kipya kabla mshahara wa mwezi haujafungwa. Kabidhi ofisi kwa maandishi pia, funguo, majalada, mihuri. Mimi nilikabidhi rejista 3 na mhuri mmoja wa imepokelewa, uleule, yule kijana aliyenipokea akaujaribu kwenye karatasi tupu akasema dada huu wino umekwisha.